Shervick: kifaru kilichogeuzwa trekta kije kulima karanga Kongwa

Wasomaji wangu, leo naomba tuipumzishe siasa kidogo tuzungumzie trekta. Si Massey Ferguson wala Ford, zile ambazo mtu aliyekulia shamba anazitambua kwa mlio tu kabla hazijatokea kwenye kona. Nazungumzia trekta ambalo nadhani wengi wenu hamjawahi kulisikia, ingawa liliundwa kwa ajili ya ardhi yetu. Linaitwa Shervick.

Jina lenyewe ni la kuunga-unga. Nusu ya kwanza imetoka kwa Sherman, kifaru cha kivita cha Wamarekani katika Vita Kuu ya Pili. Nusu ya pili imetoka kwa Vickers-Armstrongs, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitengeneza mizinga, meli za vita na vifaru. Chukua Sherman, ng'oa kichwa chake chenye mzinga, vua mabamba ya chuma yanayomkinga askari, fupisha mwili wake, kisha mpe dereva kiti mahali ambapo anaweza kuona shamba. Hiyo ndiyo Shervick. Iliundwa kwa muda mfupi tu mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaishia hapo.

Sasa swali. Hivi mtu mwenye akili timamu anakaaje chini akafikiria kulimia kifaru?

Jibu linaanzia mezani kwa Waingereza. Mwaka 1946 vita vimekwisha, lakini mafuta ya kula, siagi ya mimea na sabuni bado vinagawiwa kwa kadi. Frank Samuel, bosi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, kwa ukubwa ambao dunia haijawahi kuuona. Ukatumwa ujumbe chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na hesabu: zaidi ya ekari milioni 3, ndani ya miaka sita, kwa pauni milioni 25. Sehemu kubwa ingekuwa Tanganyika, iliyobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. John Strachey, waziri wa chakula wa Uingereza, akaubeba mpango huo kama mwanawe.

Wiki tisa, jamani. Mgogo wa Kongwa angewaambia kwa nusu saa kwamba mvua ya pale haina ahadi, ndiyo maana yeye anapanda uwele na mtama na kufuga ng'ombe. Sijaona popote kwamba neno lake liliingia kwenye hesabu.

Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Kwa kazi hiyo unahitaji makatapila makubwa, na hapo ndipo ukuta ulipokuwa. Makatapila ya uhakika yalitoka Marekani na kulipiwa kwa dola, na dola Uingereza haikuwa nazo. Oda mpya zilikuwa na foleni ndefu. Basi wakaenda kuokota yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mashine zilizokwisha kutumika hadi kuchoka. Zikapandishwa meli hadi Dar es Salaam, bandari ambayo haikujengwa kwa mizigo ya namna hiyo, kisha zikapandishwa reli ya njia moja kuelekea Kongwa. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya mashine hizo zilikuwa gereji zikisubiri spea.

Ukiitazama kwa macho ya mtu wa London wakati ule, Shervick haikuwa wazo la kijinga. Viwandani Marekani zilitoka Sherman karibu 50,000, na Uingereza ilipewa maelfu kwa maelfu yake. Vita vimekwisha, chuma kipo kimekaa bure, injini zipo, minyororo ya kutambalia ipo. Vickers wana karakana na mafundi ambao ghafla hawana oda za mizinga. Dola hazitoki. Na kwa mwanasiasa, picha ya silaha kugeuzwa jembe ni tamu kuliko hotuba yoyote.

Lakini nimekaa na mafundi wa magari vya kutosha kujua kwamba mashine haibadilishi tabia kwa sababu umeibadilisha jina. Kifaru kimeundwa kikimbie. Springi zake ni za kumeza mashimo kikiwa kwenye mwendo, na maisha yake vitani hayahesabiwi kwa miaka. Katapila ni kinyume chake. Linatembea polepole kama konokono huku linasukuma kwa nguvu zote, saa nane, saa kumi, siku nenda siku rudi. Halitakiwi kunesa, linatakiwa kushika ardhi. Minyororo, meno na gia vyote vinabeba uzito wa namna nyingine kabisa.

Halafu kuna Kongwa yenyewe. Watu wengi wakisimulia mradi wa karanga wanaishia kwenye mibuyu na nyuki, maana ni hadithi nzuri, lakini kuangusha vichaka ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Mashine mbili zikivuta mnyororo mzito katikati yao zinalaza pori mchana kutwa. Kazi ilikuwa chini. Kichaka cha Ugogo kina mizizi iliyosukana kama mkeka, na usipoikata yote, jembe la trekta haliwezi kupita. Udongo nao una mchanga mkali unaokula chuma kama msasa, visu vya kukatia mizizi vikawa vinaisha haraka ajabu. Mvua ikikata, ardhi inakuwa ngumu kama saruji. Na karanga, kama mjuavyo, inazaa chini ya ardhi. Unaichimbaje kwenye saruji?

Kufikia mwisho wa 1947, badala ya ekari 150,000 zilipandwa karibu 7,500. Mwaka 1948 mradi ukahamishiwa kwa shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, na juhudi zikasambaa hadi Urambo na Nachingwea. Ndiyo wakati huohuo Shervick zilipokuwa zikisubiriwa kama mkombozi. Mkombozi gani? Waliomba nguvu zaidi ya kusukuma, wakati tatizo lilikuwa udongo, mizizi na mvua. Hata zingekuja katapila mpya kabisa kutoka Marekani, mvua ya Kongwa isingeongezeka. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Vickers wenyewe walionja ladha ya biashara hii. Wakaamua kuunda katapila lao jipya tangu mwanzo, wakaliita Vigor, lenye injini ya dizeli ya Rolls-Royce ya takribani nguvu za farasi 180. Lilianza kuuzwa mapema miaka ya 1950. Lilikuwa na mbio kuliko wenzake, na hapo naona damu ya kifaru bado ikitembea mwilini. Haikufika muongo mmoja na ushee, wakaachana na matrekta kabisa. Vigor chache zinatunzwa na wapenzi wa mashine kuukuu. Shervick nzima ni adimu zaidi. Chuma kizito kama kile kikishindwa kazi, soko lake ni la chakavu.

Kinachonikera mimi ni kwamba ukitafuta habari za mashine hizi utapata uzito, injini na majina ya mawaziri, lakini dereva humpati. Waafrika waliofundishwa kuziendesha, wengine wakiwa wametoka jeshini KAR, walikuwa ndio wanaokaa juu ya chuma kile kwenye jua na vumbi. Hawakuwa watu wa kunyamaza pia. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai mishahara, mgomo ukapanda na reli kwenda bara, na Kongwa nayo ikagoma. Kwa hiyo tujue kwamba katika mwaka ule wa ekari 7,500 kulikuwa na watu wanaosema malipo hayatoshi kununua chakula, ndani ya mradi ulioanzishwa ili kuwapatia wengine mafuta ya kula.

Kama una mzee nyumbani aliyesimuliwa na baba yake habari za Kongwa, Urambo au Nachingwea, muulize walikuwa wakiziita nini mashine zile. Sidhani kama walisema Shervick.

Reli iliyojengwa toka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga iling'olewa mapema miaka ya 1960. Kongwa palikuwa pamebaki majengo na stesheni isiyo na treni. Mwaka 1964 wapiganaji wa vyama vya ukombozi, wakiwemo wa FRELIMO, ANC na SWAPO, walipewa eneo hilo kuwa kambi. Walikotoka bado kulikuwa na wakoloni na makaburu, na pale walipowekwa wajifunze vita ndipo miaka kumi na saba kabla mashine za jeshi zilipoletwa zijifunze kulima.