Ndugu wa mrehani aliyepotea mara mbili

Mrehani unaujua, pengine upo hata kwenye kopo nje ya mlango wenu. Basi fikiria ndugu wa mrehani mwenye urefu wa zaidi ya mita 20. Ndiyo, familia moja kabisa, ile ya Lamiaceae, ambamo hata mnanaa umo. Mti huo unaitwa Karomia gigas, na hilo neno la pili maana yake ni jitu.

Wanasayansi waliukuta mwaka 1977, pwani ya Kenya. Wakachuma vitawi, wakavikausha, wakavibandika kwenye karatasi za hebaria kama ilivyo desturi. Waliorudi baadaye kuutafuta wakakuta umeshakatwa. Yaani kilichobaki ni yale majani makavu kabatini, na jani kavu halioti.

Mwaka 1993 ukaonekana tena, safari hii kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa. Kisha kimya. Wengi wakaamini umekwisha, mpaka wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta mwaka 2011. Miti 6 hivi! (Kipindi hichohicho walikutana pia na Erythrina schliebenii, mti wa miiba ambao orodha ya IUCN ilikuwa imeutangaza kuwa umetoweka mwaka 1998.)

Kwani jitu la mita 20 linapoteaje? Ramani ndiyo inayojibu. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Somalia kusini hadi Msumbiji, siku hizi si msitu mmoja. Ni vipande vipande, kila kipande kimezungukwa na mashamba, mikorosho na matanuri ya mkaa. Mti wenye makazi finyu namna hiyo ukifyekewa kilima kimoja tu, umefyekewa dunia yake. Halafu miti ikibaki michache, hata kuzaana ni shida.

Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kweli. Matunda yalikusanywa kwa maelfu, lakini mengi yalikuwa matupu au yameliwa na kuvu. Mbegu nzima zikawa za kuhesabu. Mwaka 2018 shehena ikapelekwa Missouri Botanical Garden, Marekani, na miche michache ikaota kwenye nyumba za vioo. Baadaye mmoja ukachanua, wataalamu wakapata kuliona ua lake kwa mara ya kwanza.

Sina ugomvi na Missouri, walifanya kazi kubwa. Ila inaniuma kidogo kwamba ua la mti wa Kilwa limeonekana kwanza katika mji unaoanguka theluji. Nyumba ya vioo inatunza mche. Haitunzi wadudu wanaouchavusha, wala udongo wake, wala kivuli cha majirani zake msituni. Hivyo viko Kilwa, na bado panga linapita.