Bombo: Historia Fupi ya Hospitali Yetu

Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoletwa nchini. Mji uliojaa vibarua, mabaharia na malaria haukuweza kukaa bila waganga. Ndipo Wajerumani wakajenga jengo kongwe la Bombo, lile tunaloliita Cliff Block, juu kabisa ya bahari, likipokea upepo mchana na usiku. Nimeuguza katika wodi nyingi za kisasa, ila sijaona wajenzi waliomfikiria mgonjwa wa homa kama wale.

Heshima kubwa ya hospitali hii ilikuja na balaa. Tarehe 2 Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia bandarini, na nahodha wake Caulfeild akadai mji usalimishwe. Mkuu wa wilaya, Bwana Auracher, akaomba muda, akaenda zake, habari zikafika Moshi kwa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Nyuma ya Fox zilikuwepo meli zenye askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliotoka Bombay katikati ya Oktoba. Walikuwa wamesongamana melini wiki kadhaa wakitapika, na kamanda wao, Jenerali Aitken, hakukubali kuwapumzisha Mombasa. Wengine walikuwa na bunduki mpya wasizozizoea. Wakashushwa usiku penye mikoko ya Raskazone. Lettow-Vorbeck naye akaleta watu wake kwa treni, jumla yao kama 1,000 hivi.

Vita vyenyewe vilipamba moto tarehe 4. Wazee wa Tanga husimulia habari za nyuki kana kwamba ndio walioshinda. Nyuki walikuwepo kweli. Risasi ziliwachokoza, wakawauma watu wa pande zote mbili, na kikosi cha 98 cha Wahindi kikatawanyika. Lakini nyuki hawaui watu 360, idadi ya waliokufa upande wa Waingereza. Kazi hiyo ilifanywa na bombomu na askari waliopigana nyumba kwa nyumba. Majeruhi wa Waingereza na Wahindi wanakadiriwa 487. Kwa upande wa pili walikufa Wajerumani 16, akiwemo Tom von Prince, Bwana Sakarani wa masimulizi, pamoja na askari Waafrika 55. Huyo Sakarani ana jina katika kila kitabu. Wale 55 hutajwa kwa tarakimu.

Hospitali nayo ilipata yake, maana Fox ilipofyatua mizinga kuelekea mjini, makombora yaliifikia. Asubuhi ya tarehe 5 ofisa wa Kiingereza, Kapteni Meinertzhagen, alikuja na bendera nyeupe, dawa, na barua ya Aitken ya kuomba radhi kwa kuipiga hospitali. Nawauliza wenzangu wa mikoa mingine: ya kwenu imewahi kuombwa radhi na jenerali? Majeruhi wa adui walitibiwa hapahapa Tanga, na maofisa waliojeruhiwa wakaachiwa kwa kiapo cha kutopigana tena.

Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki, risasi zaidi ya nusu milioni, simu na makoti. Mali hiyo iliwavisha askari wa Lettow na kurefusha vita hadi 1918. Dkt. Ludwig Deppe, aliyepata kuiongoza hospitali ya Tanga, aliandamana na jeshi hilo, na baadaye akaandika kwa uchungu juu ya mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyobaki nyuma yao. Ni mmoja wetu, na nafurahi kwamba hakunyamaza.

Yaliyofuata nayataja kwa ufupi, nafasi imekwisha. Julai 1916 Waingereza waliingia Tanga, safari hii wakabaki. Mwaka 1961 Uhuru. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu, kipindi kilichohitaji subira kwa wagonjwa na watumishi. Kisha tukawa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, chini ya Wizara ya Afya. Majengo mapya yameongezeka, na Cliff Block, kwa umri wake, linangoja mkono wa wahisani.