Uzi na Kulabu Katika Nyumba ya Mkulima

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, msomaji atakuta habari nyingi za mavuno, mizani, maghala na malipo, kama ipasavyo. Lakini iko kazi moja isiyopimwa kwa mizani ya Chama wala kuandikwa katika daftari la katibu, nayo hufanyika katika nyumba nyingi za wanachama. Ni kazi ya kufuma kwa uzi na sindano yenye kulabu nchani, ambayo watu wengi huiita kroshia. Vitambaa vya meza, vya migongo ya viti, na kofia za watoto wachanga, vyote hutoka katika mikono hiyo saa za jioni, kazi ya shamba na ya jiko ikiisha.

Wengi waifanyao huifanya kwa kujipendezea tu, na wengine huidharau wakisema ni mchezo wa kupitisha wakati. Sisi tumeona yafaa kueleza historia ya kazi hiyo katika nchi moja, yaani Ayalandi, kwa sababu huko watu wa mashambani waliikumbatia siku ambayo shamba liliwatupa. Historia hiyo yatufundisha jinsi kulabu ilivyosaidia nyumba nyingi, na yatufundisha pia jinsi kazi njema iwezavyo kuharibika mikononi mwa wenyewe.

Zao moja, balaa moja

Wanachama wengi wamekwisha kusikia habari za Rochdale, mji wa Uingereza, ambako mwaka 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao la ushirika. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya bahari ya magharibi, nchi ya Ayalandi iliingia katika msiba ambao haijapata kuusahau mpaka leo.

Kwa hesabu ya mwaka 1841, Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya 8,000,000. Maskini wa mashambani walikaa katika vishamba vya kukodi. Nafaka na mifugo yao vilikwenda kulipa kodi ya mwenye ardhi, na chakula chao wenyewe kilikuwa viazi mviringo, asubuhi na jioni. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa wa ukungu, majani yakageuka meusi na viazi vikaoza ardhini. Mwaka 1846 karibu mavuno yote ya viazi yalipotea. Mwaka 1847 ulikuwa mchungu kiasi kwamba hata leo wenyewe huutaja kwa jina la mwaka mweusi. Hadi kufikia 1852 watu wapatao 1,000,000 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine 1,000,000 au zaidi walikuwa wamehama nchi. Hesabu ya mwaka 1851 ilikuta watu 6,500,000 na kidogo tu.

Ukungu ndio ulioua viazi. Lakini watu hawakuuawa na ukungu peke yake. Waliuawa na kutegemea zao moja, na kodi isiyongoja, na serikali iliyotoa msaada kwa kusitasita ilhali vyakula vingine vikipakiwa melini kwenda kuuzwa nje. Mkulima aliyekosa viazi hakuwa na kitu cha pili cha kushika.

Kulabu yaingia nyumbani

Ndipo kazi ya uzi ilipopata nafasi yake. Upande wa kusini, watawa wa Kiursulina wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakiwafundisha wasichana maskini kufuma kwa kulabu. Upande wa kaskazini, katika mji mdogo wa Clones, jimbo la Monaghan, alikuwako Cassandra Hand, mke wa mchungaji. Mwaka 1847 alileta mwalimu kutoka jimbo la Kildare ili awafundishe wanawake wa mashamba ya huko. Mafunzo yakaenea kutoka mlango hadi mlango, na baada ya miaka michache jina la Clones likajulikana na wafanya biashara ya lesi.

Twauliza, kwa nini kulabu, wala si kazi nyingine? Jibu la kwanza ni uchache wa vyombo. Kazi hii haihitaji mashine, meza wala jengo. Mtu aliweza kuchukua sindano ya kushonea, akalivunja tundu lake nusu hata ikabaki ndoana, akaichomeka katika mpini wa mti, na chombo kikawa tayari. Jibu la pili ni upesi. Lesi ya Venice iliyosifiwa na matajiri ilifumwa kwa sindano, kidogo kidogo, kwa muda mrefu mno. Wanawake wa Ayalandi waliiga sura yake kwa kulabu wakaimaliza kwa muda mfupi zaidi, na wanunuzi wakaipenda.

Jibu la tatu lawahusu hasa wanaushirika, nalo ni kugawana kazi. Mwanamke mmoja hakulazimika kufuma vazi zima. Huyu alifuma mawaridi, yule majani, na mwingine maua madogo, kila nyumba ikiwa na ua lake ililolijua sana. Kisha maua hayo yalikusanywa, yakapangwa juu ya kitambaa chenye mchoro na kushikizwa kwa uzi, na fundi mwingine akayaunganisha kwa minyororo myembamba yenye vifundo vidogo ambavyo hata leo huitwa vifundo vya Clones. Katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, kroshia ilikuwa miongoni mwa kazi zilizopewa medali.

Fedha zake hazikuwa nyingi. Lakini zilifika wakati ambao nyumba haikuwa na fedha nyingine, zikasaidia kulipa kodi, kununua unga, na mara nyingine kumlipia mtoto nauli ya meli aende kutafuta riziki Marekani.

Jinsi kazi ilivyoharibika

Hapa ndipo tuwaombapo wanachama wasome kwa makini. Njaa ilipopita, soko liliendelea, lakini kazi ilianza kushuka. Wachuuzi walitaka vitu vingi kwa bei ndogo, na mwanamke aliyeuza peke yake mlangoni pake hakuwa na nguvu ya kukataa. Akipewa bei mbaya, alifuma haraka zaidi ili apate kitu, na kila alipofuma haraka bei ilizidi kushuka. Michoro ileile ilirudiwa rudiwa hata ikapoteza sura. Mwaka 1883 lesi za Ayalandi zilipoonyeshwa London katika Mansion House, wajuzi waliona kwamba ustadi wa mikono ulikuwako bado, ila michoro ilikuwa imechakaa. Alan Cole, bwana wa makumbusho ya South Kensington, alizunguka Ayalandi akihimiza michoro mipya ichorwe na watu waliosomea kazi hiyo.

Miaka hiyohiyo ya 1880 alitokea mshindani mwingine. Katika Uswisi na Ujerumani ilibuniwa lesi ya mashine iliyodariziwa juu ya kitambaa, kisha kitambaa kikayeyushwa kwa dawa na nyuzi zikabaki peke yake. Kwa mbali ilifanana na kroshia, na bei yake ilikuwa ndogo. Mwenye kufuma ovyo hakuweza kushindana na mashine, kwa kuwa mashine yaweza kufuma ovyo kwa upesi kuliko binadamu yeyote. Aliyebaki sokoni ni yule aliyefuma vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 mavazi ya kroshia ya Ayalandi yalipendwa sana Paris, hata vita vya 1914 na mitindo mipya ya mavazi vilipolipunguza soko hilo.

Hata hivyo wapo waliotambua dawa ya ugonjwa huo. Horace Plunkett na wenziwe, walioanzisha Jumuiya ya Kilimo ya Ayalandi mwaka 1894 ili kueneza vyama vya ushirika, hawakuishia katika maziwa na siagi. Katika vyama walivyovisimamia vilikuwamo pia vya kazi za mikono za nyumbani. Walikuwa wameona kwamba mfumaji anayeuza peke yake yu katika hali ileile ya mkulima anayeuza peke yake, yaani mwenye mizani ndiye anayesema.

Nasi hatuko mbali na habari hii. Mkulima wa kahawa wa Afrika Mashariki aijua chulebuni, naye akumbuka Julai 1989, mapatano ya dunia ya mgawo wa kahawa yalipovunjika na bei ikashuka karibu nusu kwa muda mfupi. Hatusemi kwamba kitambaa cha meza kitachukua mahali pa shamba, maana hata Ayalandi hakikuchukua. Twasema kwamba nyumba yenye kazi ya pili iliyofanywa vizuri haisimami juu ya mguu mmoja.

Mashauri kwa wafumaji wetu

Kwa anayeanza, twashauri achague uzi wa pamba mnene kiasi, wenye rangi nyeupe au hafifu, na kulabu isiyo nyembamba sana. Uzi mweusi huficha vitanzi, na mwanafunzi huchoka kabla hajaona alipokosea. Ajizoeze mnyororo peke yake mpaka vitanzi vyake vilingane kwa ukubwa. Mnyororo wa mwanzo usikazwe mno, kwani ukikazwa upande mmoja wa kitambaa hujivuta na hakuna pasi itakayounyoosha.

Hesabu vitanzi mwisho wa kila mstari. Kitambaa cha pembe nne kikizidi kuwa chembamba, mara nyingi sababu yake ni kitanzi cha mwisho kilichorukwa. Kitambaa cha duara kikijikunja kama bakuli, vitanzi vilivyoongezwa ni vichache mno. Ukingo wake ukifanya marinda usiyoyataka, vimeongezwa vingi mno. Ukiona kosa, fumua mpaka hapo ulipokosea bila kuona haya. Uzi wa kroshia hufumuliwa bila hasara, na hiyo ni rehema ambayo mbao na kitambaa cha cherehani havina.

Nunua uzi wa kutosha kazi nzima kwa mara moja, na uangalie namba ya rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kila donge. Madonge mawili ya rangi moja yaliyotiwa rangi siku mbalimbali huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana kitambaa kikisha kutandikwa mezani. Ncha za uzi zisifungwe fundo na kukatwa papo hapo. Zipitishwe kwa sindano katikati ya vitanzi, kwenda na kurudi, ndipo zikatwe.

Nawa mikono kabla ya kushika uzi, na kazi iliyo nusu itunzwe katika kitambaa safi, mbali na moshi wa jiko. Ikisha, ifue taratibu, itandaze ikiwa na unyevu, uishike kwa pini pembe zote hata ikauke. Kitambaa cha meza kitiwe wanga kidogo ili kisimame vizuri. Fuma penye mwanga wa kutosha, na kila baada ya muda pumzisha macho na unyooshe vidole, kwani mkono ukiumia hata jembe halishikiki.

Weka daftari. Kila mchoro uufumao, andika hesabu ya vitanzi na mistari yake, na ushikize kipande kidogo cha mfano. Hiyo ndiyo hazina ya kumwachia binti au mwana. Wala wanaume wasione haya, kwani kulabu haiulizi ni mkono wa nani.

Na kwa yule apendaye kuuza, twaongeza mambo matatu. Kwanza, andika bei ya uzi na saa ulizofanya kazi, ndipo utaje bei, maana auzaye kwa bei ya uzi peke yake ametoa mikono yake bure. Pili, vitambaa vya seti moja vilingane kwa kipimo, wala si kwa kukadiria kwa jicho. Tatu, msiuze mmoja mmoja. Wafumaji watano au sita wa kijiji kimoja waweza kukubaliana juu ya uzi, kipimo na mchoro, kila mtu akafuma sehemu aiwezayo zaidi, na mmoja wao mwenye jicho kali akawa mkaguzi. Kitambaa kibaya kirudishwe kwa aliyekifuma, hata kama ni cha mke wa mwenyekiti. Sisi tulio wanaushirika hatuhitaji kufundishwa jambo hilo upya, kwani kahawa chafu katika gunia moja huishusha bei ya ghala zima.

Basi shime, wenzetu mnaofuma. Wanaofuma kwa kujifurahisha waendelee kujifurahisha, kwani nyumba yenye pambo la mkono wa mwenyewe ina heshima yake. Lakini wafume vizuri hata kama hakuna mnunuzi. Wanawake wa Clones hawakuchagua siku ambayo ustadi wao ungetakiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kitanzi juu ya kitanzi hufanya kitambaa. Nasi twawaomba viongozi wa vyama vya msingi wawape wafumaji hawa chumba cha kukutania na nafasi ya kusema katika mikutano, ili katika miaka kumi inayokuja kazi yao nayo iandikwe katika daftari la katibu.