Mzee na Shanga Zake
Mimi ni wa Karen, lakini Karen ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya ua. Makavazi ya Karen Blixen nimeyapita tangu utotoni bila kuingia. Tiketi ni pesa, jameni. Nyumba iliyonishika iko ng'ambo ya Mbuga ya Nairobi: ya Alan Donovan, Mmarekani aliyefungua African Heritage pamoja na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Aliijenga kwa mfano wa majumba ya udongo ya Afrika Magharibi. Mzee alibuni mapambo ya shanga, akaishi katikati ya vinyago na vitambaa, mbuga yote ikiwa mbele yake. Kisha SGR ikataka kupita papo hapo. Mwaka wa 2016 nyumba ikatangazwa turathi ya kitaifa, ikapona. Donovan alifariki 2021. Treni inapita jirani kila siku.