Papasi na Udongo Mkavu

Watu wa Temeke na Kinondoni wamjua sana kupe wa mbwa na ng'ombe, lakini wengi hawajapata kumwona papasi. Huyu hakai majanini. Makao yake ni udongo wa sakafu na nyufa za kuta. Usiku hutoka kumnyonya damu mtu alalaye, kisha hurudi mavumbini. Homa ailetayo hupoa, halafu humrudia mgonjwa tena na tena.

Mwaka 1905 tabibu Mdachi, Robert Koch, alifika Dar es Salaam, akashika njia ya misafara iendayo bara. Katika vibanda walimolala wapagazi alichunguza udongo wa sakafu, akakuta papasi. Mahali pao palikuwa pakavu, chini ya paa, mvua isipofika. Tena aliviona vijidudu vya homa ndani ya mayai yao, maana yake mtoto wa papasi aweza kuzaliwa na ugonjwa. Mwaka huo huo Dutton, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hiyo huko Kongo, aliugua akafa Kasongo.

Kwa nini udongo mkavu haumwui? Ngozi ya papasi ina utando wa nta uzuiao maji ya mwilini yasipotee, naye aweza kukaa mwaka na zaidi bila kuonja damu. Basi kibanda kilichohamwa si salama: mgeni atandikaye mkeka wake humo ndiye chakula kilichongojewa.

Sisi walimu, na tukiri, tuliwafundisha watoto kwamba papasi ni aibu ya watu wachafu. Tuliwaonea. Mama afagiaye kila alfajiri, ikiwa sakafu yake ni ya vumbi na nyufa, aweza kuwa na papasi wengi kuliko jirani yake mvivu mwenye sakafu ngumu. Kosa ni la udongo, na udongo hauna haya.

Saruji humnyima papasi vumbi la kujifukia. Kiwanda cha Wazo Hill, huko huko Kinondoni, kilianza kuitengeneza mwaka 1966, na sakafu nyingi za mjini zikageuka. Lakini mfuko wa saruji ni fedha. Huko Mvumi, katika nchi kavu ya Dodoma, hata miaka ya 1990 nyumba zilikuwa zikipuliziwa dawa ili watoto wadogo wasipatwe na homa hiyo.