Benki Iliyoanzia kwa Watano: Historia Fupi ya K-Rep

Akina Morgan wa New York walirithishana benki kama shamba la ukoo: Junius kwa Pierpont, na Pierpont alipofariki mwaka 1913, kwa mwanawe Jack. Kenya nayo ina benki zenye majina makubwa nyuma yake. Familia ya Kenyatta na ya Philip Ndegwa zimekuwa na hisa nyingi katika benki ya NCBA. K-Rep haikuwa na ukoo. Ililelewa na majirani wa Kibera, Nairobi, waliodhaminiana, na kwa sababu hiyo siwezi kuanza historia yake kwa kutaja wakurugenzi peke yao.

Mwaka 1984, shirika la Marekani liitwalo World Education, kwa fedha za USAID, lilianzisha Kenya Rural Enterprise Programme, kwa kifupi K-Rep. Mwanzoni K-Rep iliyasaidia mashirika mengine ili nayo yawakopeshe wafanyabiashara wadogo. Fedha zilitoka, marejesho yakasuasua. Kimanthi Mutua, mmoja wa viongozi wa K-Rep, na wenzake wakaamua kukopesha wenyewe, wakifuata utaratibu wa benki ya Grameen ya Bangladesh. Mradi ulikuwa umeanzishwa kwa ajili ya mashambani, lakini mkopo huo mpya, Juhudi, ulianzia Kibera, miaka ya 1990 ikibisha hodi.

Mkazi wa Kibera alikuwa na biashara, ila hakuwa na hati ya ardhi ya kuweka rehani. Hata Wanubi, walioishi hapo tangu enzi za askari wa King's African Rifles, hawakupata hati ya ekari 288 hadi mwaka 2017. Juhudi ikaweka watu mahali pa hati. Watu watano wanaofahamiana waliunda kikundi, na vikundi kadhaa vya watano vikaungana kuwa kiwa. Kila wiki walikutana, wakaweka akiba na kulipa mkopo mbele ya wenzao. Wawili walikopeshwa kwanza. Wakilipa vizuri, zamu ikasogea. Mmoja akikwama, akiba ya wote ilikuwa hatarini.

Wengi husifu utaratibu huu kama ubunifu wa benki. Mimi naona humo kazi ya watu, tena kazi nzito. Wiki ambayo mtoto amelazwa, au mvua imeharibu mitumba, deni halikungoja. Ilibidi jirani amdai jirani, amstahi, wakati mwingine amlipie, na kesho yake wakutane tena penye maji. Benki za mjini huajiri maafisa wa mikopo na kuwalipa mshahara kwa kazi hiyo. Akina mama wa vibandani waliifanya bila malipo.

Mwaka 1999 Benki Kuu ya Kenya iliipa K-Rep leseni, na shirika lisilo la kiserikali likageuka benki ya biashara, jambo lililokuwa geni Afrika nzima. Ofisi yake ilikuwa Naivasha Road, barabara ya kwenda Kawangware. Miongoni mwa wenye hisa walikuwamo IFC ya Kundi la Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, na baadaye kampuni ya uwekezaji ya ShoreCap, yenye chimbuko lake ShoreBank ya Chicago. Wafanyakazi walipata sehemu yao kupitia chama chao. Vikundi vya watano havikuwamo, na hilo bado linaniuma, maana wao ndio waliothibitisha kwamba maskini anakopesheka.

Kisha mambo yakaenda kasi. Mwaka 2012 CBA, mojawapo ya benki mbili zilizoungana baadaye kuwa NCBA, ilileta M-Shwari pamoja na Safaricom. Mkopo ukaingia kwenye simu bila jirani kuulizwa. Mwaka 2014 kampuni ya uwekezaji ya Centum ilichukua hisa nyingi za K-Rep, na mwaka 2016 benki ikaitwa Sidian.

Kumbukumbu za vikundi vya kwanza vya Kibera, majina ya wanachama, akiba zao na zamu zao za kukopa, zinastahili kutafutwa na kupelekwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa wakati waliozijaza wangali hai kuzieleza.