Wajumbe wa Uteuzi wa Mgombea Urais (Shinyanga na Geita)

Mjumbe wa uteuzi ni mwanachama aliyepewa haki ya kupiga kura katika mkutano wa chama cha siasa unaomteua mgombea wa kiti cha urais. Wajumbe hao hupatikana kwa njia mbili mashuhuri: ya Marekani, ambako hugawiwa wagombea kufuatana na kura zilizopigwa katika chaguzi za awali, na ya Tanzania, ambako mjumbe huchaguliwa na wilaya yake, au huupata ujumbe kwa sababu ya wadhifa wake, aghalabu miaka kadhaa kabla majina ya wagombea hayajatajwa, wala hafungwi na ahadi kwa yeyote.

Upatikanaji wa wajumbe. Katika Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa vyama vya TANU na Afro-Shirazi, uchaguzi wa ndani hufanyika kila baada ya miaka mitano, ukianzia shina na tawi, ukapanda kata, wilaya na mkoa, hata ukafika taifa. Mkutano mkuu wa kila wilaya huchagua wajumbe wa kwenda Mkutano Mkuu wa Taifa kwa idadi iliyowekwa na katiba ya chama. Fauka ya hao, huingia wenyeviti na makatibu wa mikoa na wilaya, wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa, na wabunge wa chama.

Kwa kuwa ujumbe hufuata mipaka ya utawala, kuigawa mikoa ni kuigawa upya mizani ya Mkutano Mkuu. Mwaka 2012 mkoa wa Geita uliundwa kwa kumega Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera, na Bukombe pamoja na Mbogwe kutoka Shinyanga. Na Shinyanga, ambayo wakati huo huo iliziachia Bariadi, Maswa na Meatu ziwe Simiyu, ikabaki na Kahama yenye dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi, na Kishapu yenye almasi ya Mwadui. Palipokuwa na uongozi mmoja wa mkoa pakawa na zaidi ya mmoja, na kila uongozi mpya ukawa na nafasi zake katika Mkutano Mkuu huko Dodoma, ijapokuwa hapakuongezeka mwanachama hata mmoja kwa sababu ya mpaka.

Mchujo. Mtaka urais huchukua fomu Dodoma, kisha huzunguka mikoani kutafuta wadhamini. Mwaka 2015 alitakiwa apate 450 katika mikoa isiyopungua 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Udhamini huo si kura, maana mwanachama wa Kahama au Katoro atiaye saini hamfungi mjumbe wa wilaya yake. Baada ya hapo Kamati Kuu huchuja majina yasizidi matano, Halmashauri Kuu ikayapunguza yasizidi matatu, na hayo ndiyo yapelekwayo mbele ya wajumbe.

Kura. Mshindi hana budi kuvuka nusu ya kura. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Benjamin Mkapa na 336 za Cleopa Msuya, lakini alipoondoka Msuya, duru ya pili ikampa Mkapa ushindi kwa 686 dhidi ya 639. Mwaka 2005 Kikwete alipata 1,072, Salim Ahmed Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Mwaka 2015, katika watu 38 waliorudisha fomu, Edward Lowassa, aliyewahi kuwa waziri mkuu, hakufika hata kwenye yale majina matano, na John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Kura hizo zilikuwa za siri, zikahesabiwa kwa pamoja wala si mkoa kwa mkoa, kwa hiyo haimkiniki kusema Geita ilimpa mwanawe kura ngapi, wala Shinyanga ilimpa nani.

Mlinganisho. Huko Marekani kila jimbo husimama mkutanoni likatangaza hesabu yake. Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano miongoni mwa wagombea waliofikisha asilimia 15 ya kura, ilhali chama cha Republican huyaruhusu majimbo mengi kumkabidhi mshindi wajumbe wote. Mwaka 2024 wajumbe wa Republican walikuwa 2,429, na aliyefikisha 1,215 alikuwa ameshajihakikishia uteuzi kabla mkutano haujafunguliwa. Mashaka ya Mmarekani humalizika kwa wapiga kura wa majimbo. Ya Mtanzania humalizika kwa vikao vya mchujo.

Taathira. Pale vikao vinapoleta jina moja tu, kazi ya mjumbe hubaki kuthibitisha: mwaka 2020 kura zote 1,822 zilimwendea Magufuli, na Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu ulimpitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee. Waliomthibitisha mwaka huo walitokana na uchaguzi wa chama wa mwaka 2022. Hivyo mwanachama wa Bukombe au Kishapu aliyetaka sauti yake isikike katika uteuzi wa rais alipaswa kuitumia miaka mitatu kabla, katika kikao cha tawi lake, siku ambayo urais haukuwa hata katika ajenda.